Tangu Niweke Picha kwenye Seva

Uvira, Kasenga

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Je, mguu umepona? Na huko Kalemie mnalala salama? Mimi ni mzima, nakula, ingawa siku hizi nakula peke yangu.

Unakumbuka ile seva niliyokueleza, kompyuta kubwa ya kituo cha afya inayotunza kadi zote za wagonjwa. Niliiacha bila picha za kubonyeza: kioo cheusi na maandishi tu, unaiamuru kwa kuandika. Mashine ni ya zamani, na picha zingekula bure nguvu za betri za sola. Lakini kila ilipokwama, ni mimi tu niliyeweza kuiamsha. Basi waliniita, na huku Uvira fundi haachwi aondoke na njaa. Mama Alphonsine wa mapokezi alinichukua hadi kwake Nyamianda, akaniwekea bugali na visamaki vya ndakala, huku wanawe wakinicheka kwa Kiswahili changu cha Kalemie.

Mwezi uliopita akaniambia, "Weye tu njo unajuaka hiyo nyeusi. Siku utagonjwa, tutafanya namna gani? Utie picha, na minye mwenyewe nibonyeze."

"Itakuwa polepole, Mama."

"Iende polepole, lakini iende!"

Alikuwa na haki. Wagonjwa hawawezi kunisubiri mimi. Hata hivyo nilisita wiki nzima. Betri zilikuwa sababu ya kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ile meza ya Nyamianda. Mwishowe nikaweka picha. Sasa ikikwama anabonyeza mwenyewe, inaamka, na sola inavumilia.

Simu yangu imenyamaza, Mama. Hakuna aliyenikosea, watu wana shughuli zao, na fundi asiyehitajika nani atamkumbuka wakati wa kupakua chakula? Juzi nilipita kituoni nikijifanya nakagua.

"Iko muzuri kabisa!" Mama Alphonsine akasema, akanishika mikono yote miwili kwa shukrani, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata. Nilitamani ikwame kidogo tu. Nikarudi Kasenga kwa miguu, nikajifungia ndani, nikalia.

Nisalimie kaka Benoît na mkewe, shangazi Jeanne wa sokoni, na mdogo wangu Riziki, asome kwa bidii.

Jumapili mchana nipigie. Usiniulize habari za kazi. Weka tu simu karibu na sahani zenu, niwasikie mnavyokula.

Binti yako,
Sifa