Rufaa ya Déo

Yaya Jolie, dada yangu mkubwa,

Salamu kutoka huku ughaibuni, mtaani kwetu Flemingdon Park. Watoto wazima, baridi imeanza.

Déo, niliyeachana naye mwaka jana, aliomba kibali cha kununua bunduki ya kuwindia. Huku mke wa zamani huulizwa kwanza; polisi waliponipigia simu kuniuliza habari zake, nikawaeleza alivyonivunja mkono. Wakamnyima. Akakata rufaa, akamleta mchungaji wetu mahakamani aseme kwamba ni mtu mpole.

Jaji akaniuliza, "Mama, unamwogopa?"

"Namwogopa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikapandisha mkono wa gauni, nikamwonyesha kovu. Mchungaji akainamisha kichwa.

Rufaa ikatupwa. Déo akalia mbele ya watu, nami nikamtazama mpaka alipomaliza.

Mama akiuliza, mwambie nilimwonea huruma. Wewe ujue kwamba nilifurahi.

Mdogo wako,
Candide