Mwezi wa Saba wa Odhiambo

Jumamosi, 28 Machi

Nimefagia, nimeloweka maharage, nimekaa na daftari la klabu kama kila Jumamosi. Halafu nimeshindwa kuandika. Basi naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Zile pointi sita hazikupotea kwa sababu ya Odhiambo. Zilipotea kwa sababu yangu.

Nieleze kwa mpangilio, labda kifua kitapungua uzito.

Baba ni meneja wa Mkuki, klabu yetu ya mpira. Siku nyingine zote ni dereva wa basi dogo la shule. Wachezaji wake ni madereva, walinzi na vibarua, Wakenya na Waganda wa hapa Malaz, Riyadh, na mitaa ya jirani. Ligi yetu ni ya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, timu za Riyadh na za Jeddah, daraja la kwanza na la pili. Mimi ni karani tangu mwaka jana, kwa sababu nasoma Kiarabu na mwandiko wangu unasomeka. Shule nilimaliza Desemba. Sasa hii ndiyo kazi pekee niliyo nayo.

Kazi kubwa ya karani si kuhesabu magoli. Ni ikama, kadi ya kibali cha kukaa hapa Saudia. Mchezaji ambaye kibali chake cha kukaa kimekwisha muda haruhusiwi kucheza. Kadi nyingi zimeandikwa tarehe ya kalenda ya Kiislamu, kwa Kiarabu, na wengi wao hawaisomi. Kwa hiyo Mkuki ina desturi yake: karani anabadilisha kila tarehe, anaiandika kwenye daftari, na mwezi mmoja kabla anamtumia mchezaji kumbusho. Mchezaji naye anaanza kumsumbua kafili wake, mwajiri anayemdhamini, aihuishe kadi. Hakuna timu nyingine inayofanya hivyo. Baba anajivunia kumbusho kuliko vikombe. Vikombe hatuna.

Nilibadilisha tarehe ishirini na moja. Picha ya kadi ya Odhiambo ilichelewa, nikainakili mbio mbio. Mwezi wa saba. Nikaandika Julai. Mwezi wa saba wa Kiislamu safari hii uliangukia Desemba na Januari.

Alicheza mechi mbili, akafunga zote mbili, tukashinda zote mbili. Wapinzani wakakata rufaa. Pointi zikaenda. Kamati ya klabu ikamwondoa Odhiambo kwa "kuficha kadi". Alisema alikuwa akingoja kumbusho. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu daftari lilisema Julai, na wote walidhani tarehe hiyo alinitajia yeye kwa mdomo tu.

Nilisikia yote. Nilinyamaza.

Usimwambie mtu. Tafadhali.

Ijumaa, 3 Aprili

Tumefungwa mbili kwa moja. Bado mechi tatu. Timu mbili zinashuka daraja na sisi ni wa pili kutoka mkiani.

Mfadhili wetu, mwenye duka la kusafirisha mizigo, alijitoa kabla ya Ramadhani. Tangu hapo kila kitu kinakatwa. Uwanja wa nyasi bandia tumeuacha, tunacheza kwenye vumbi nyuma ya gereji, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakasirika. Maji kila mtu anakuja na yake. Jina la mfadhili kifuani tumelibandika utepe mweusi. Wakitoka jasho utepe unabanduka, na jina linachungulia.

Mimi huwa sishuki kwenye basi. Naandika kupitia dirishani. Watu wote wanajua, wameshazoea. Dada Rehema, anayefanya kazi kwa madam mmoja hapa hapa Malaz na hupewa asubuhi ya Ijumaa tu, ndiye huniletea chapati dirishani.

"Karani, utaota mizizi humo," amesema leo. Kisha akageuka akamfokea beki wetu wa kushoto. "Wewe! Huyo umsindikize mpaka kwao, umpikie na chai?"

Hatuna mshambuliaji. Mshambuliaji wetu ametulia nyumbani kwa sababu yangu.

Jumatatu, 6 Aprili

Odhiambo alikuja kurudisha jezi. Ameifua na kuipiga pasi. Namba tisa.

Nilikuwa jikoni, mlango wazi kidogo. Alimsalimu Baba vizuri, akakataa kuketi. Alisema hana kinyongo, anataka jambo moja tu, aoneshwe ule ukurasa wake.

"Odhis, ndugu yangu," Baba akasema, "daftari la Pendo halijawahi kukosea."

"Sawa, Meneja. Basi nimekosea mimi."

Akaondoka. Wiki tatu alitembea Riyadh akiwa na kadi iliyokwisha muda, polisi wangeweza kumsimamisha wakati wowote, na hajui. Analinda lango la jengo la maofisi, anawakagua watu vitambulisho kutwa nzima. Cha kwake mwenyewe kilikuwa kimekufa mfukoni.

Baba alisema vile kwa fahari. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Najichukia.

Ijumaa, 10 Aprili

Tumeshinda! Moja bila. Goli la kona, limegonga bega la Juma, kipa wetu, aliyekuwa amepanda mbele dakika ya mwisho kwa sababu hakuna aliyemkataza. Kocha Wasswa, Mganda mwenye sauti kama mashine ya kusaga, amelia machozi na kusema ni vumbi.

Kuna mtu wa timu pinzani alisema tumeshachimbiwa kaburi, tulale tu. Rehema akamjibu kwamba sisi tukizikwa tutaota kama mbegu.

Nilicheka. Kisha nikakumbuka.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeandika ujumbe kwa Odhiambo mara tano. Nimefuta mara tano. Wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, "Samahani." Hata huo nimefuta. Neno moja si maelezo.

Shuleni nilipotakiwa kusoma mbele ya darasa nilikuwa naugua tumbo kweli kweli. Mwalimu akaacha kuniita. Nilidhani amenihurumia. Sasa naona alinipa ruhusa ya kujificha.

Ijumaa, 17 Aprili

Sare. Sifuri kwa sifuri. Imebaki mechi moja, Mei mosi, na ni Jeddah. Tunacheza na Kaskazi, wenyeji, na wao ndio walio juu yetu kwa pointi mbili. Tukishinda tunabaki, wao wanashuka. Sare au kufungwa, tunashuka sisi.

Tungekuwa na zile sita, leo tungekuwa tunakula chapati na kucheka.

Jumapili, 19 Aprili

Kamati imekaa sebuleni kwetu. Nilipeleka chai. Mweka hazina anasema tusiende. Njia ni ndefu, karibu kilomita elfu. Tuwape Kaskazi ushindi wa mezani, tushuke kwa heshima, halas, yamekwisha.

Baba huwa hapandishi sauti. Leo alisimama. Akasema hakuna heshima katika kulala chini kabla hujapigwa. Akasema amekwisha kumwomba mwenye shule basi, na mwenye shule amekubali, na kama hakuna atakayekwenda yeye atakwenda peke yake na mpira.

Kocha Wasswa akasema, "Nami nitakuwa kipa."

Wamekubali kwenda. Kisha mweka hazina akanung'unika kwamba Odhiambo ndiye aliyetufikisha hapa, yule mwongo.

Trei ilikuwa mkononi mwangu. Nikairudisha jikoni. Lakini safari hii hasira niliyosikia haikuwa ya kujichukia tu. Ilikuwa hasira ya kawaida, ya mtu mzima. Nimechoka kuwa mtu wa nyuma ya mlango.

Jumanne, 21 Aprili

Nimemwambia Baba.

Alikuwa anaosha basi chini ya jengo. Nilishika ndoo ili mikono iwe na kazi. Nikampa daftari, ukurasa wa Odhiambo, na simu yenye picha ya kadi. Nikamwonyesha mwezi wa saba.

Aliangalia muda mrefu. Alikausha mikono, akaangalia tena. Nikangoja anigombeze. Angenigomba ingekuwa nafuu.

"Umejua tangu lini?"

Nikasema tangu siku ya rufaa.

Akakaa kwenye ngazi ya basi. Alisema nilivyokosea si kitu, na yeye alisaini ukurasa ule bila kuutazama. Ila kunyamaza ni jambo lingine, na hilo hawezi kunisainia. Akasema hatamwambia mtu. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha akamaliza: "Utawaambia wewe. Ijumaa, mazoezini. Na Odhiambo nitamwita."

Nitakwenda.

Ijumaa, 24 Aprili

Nilishuka kwenye basi.

Vumbi lile ni laini kuliko nilivyofikiri, linaingia kwenye viatu mara moja. Walikuwa wamekaa chini, wote, na Odhiambo amesimama pembeni na nguo za kazi, kofia ya ulinzi mkononi. Rehema alikuwapo. Mweka hazina alikuwapo.

Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Nikaikunja. Nikasema: tarehe niliandika mimi, niliikosea mimi, Odhiambo hakuficha kitu, aliingoja klabu na klabu ni mimi. Nikasema nilijua na nikanyamaza, na hilo ni baya kuliko tarehe. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Lakini ilifika.

Mtu mmoja akatukana polepole. Juma akanitazama kama hanijui. Sikushusha macho. Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

Odhiambo akaja mpaka mbele yangu. Nikadhani atanipiga kofi la maneno, na nilistahili.

"Karani," akasema, "mimi niliambia bibi yangu huko Siaya kwamba nimefukuzwa kwa uongo, akasema labda ni kweli. Sasa utampigia yeye simu umwambie hivi hivi ulivyosema."

"Nitampigia."

"Leo."

"Leo."

Nikapiga pale pale, mbele ya wote, simu ikiwa kwenye spika. Mke wake alisikiliza hadi mwisho. Akauliza nina umri gani. Nikasema kumi na minane. Akasema, "Basi mwambie huyo mzee wangu nimemwomba msamaha, na wewe ujifunze kalenda." Watu walicheka, si wote. Odhiambo alicheka.

Kamati ikakubali arudi. Kusimamishwa kwake kulikuwa kwa klabu, si kwa ligi, na kadi yake mpya iko sawa tangu Februari. Niliitazama mara tatu.

Mweka hazina akapendekeza nivuliwe ukarani. Alikuwa na haki. Kocha Wasswa akauliza kama yeye anasoma Kiarabu. Hasomi. Nimebaki, ila kila tarehe sasa itasomwa na watu wawili. Nimekubali. Ningelipendekeza mwenyewe.

Ijumaa, 1 Mei. Jeddah

Tulifika na alfajiri, miguu imevimba. Hewa ya hapa ni nzito, inakaa mwilini kama shuka mbichi. Wachezaji waliamka kwenye viti, wakanawa nyuso kwa chupa moja moja, wakavaa jezi zenye utepe.

Mashabiki wa Kaskazi wengi. Wetu walikuwa Rehema, aliyemwomba madam wake ruhusa kwa majuma mawili, na mimi. Sikukaa kwenye basi. Nilisimama kwenye mstari na daftari.

Wakatufunga mapema. Wakaanza kutuimbia, daraja la pili, daraja la pili. Rehema akawaambia wabakize pumzi, watazihitaji kupandia ngazi wakishashuka wao.

Kipindi cha pili Odhiambo alipokea mpira mgongo ukielekea golini, akageuka kana kwamba hana mfupa, akapiga, ikawa goli. Moja kwa moja. Hakushangilia. Aliokota mpira wavuni akakimbia nao katikati. Utepe ulikuwa umebanduka wote kifuani mwake.

Dakika za mwisho tulishambulia watu kumi. Juma naye alipanda. Mwamba wa goli uligongwa mara mbili. Mara mbili! Kisha filimbi.

Sare. Tumeshuka.

Hakuna aliyeanguka chini. Baba aliingia uwanjani akawapanga mstari, wakapita mbele ya mashabiki wa Kaskazi taratibu, vichwa juu, wakiwapa mikono mmoja mmoja. Kelele za kule zikafifia. Mzee mmoja wao akavua kofia.

Pointi sita ni zangu. Nitaishi nazo. Lakini goli la leo ni la Odhiambo, na liko kwenye daftari, kwa jina lake, kwa wino.

Jumapili, 3 Mei

Nyumbani. Nimeloweka maharage.

Nimefungua daftari jipya. Nimelipiga mistari, safu mbili za tarehe: ya kadi upande mmoja, ya kawaida upande wa pili, na nafasi ya sahihi mbili. Nimeanza na Odhiambo. Alikuja mwenyewe, akakaa leo, akanywa chai, akasoma safu yake na Baba kwa kidole. Akasaini. Akauliza daraja la pili linaanza lini. Baba akasema Oktoba. Akasema sawa.

Jezi namba tisa imeondoka naye.

Nilikuomba mwanzoni usimwambie mtu. Sikuombi tena. Lile mwambie umtakaye.

Hili dogo tu unifichie. Sauti imenikauka tangu juzi. Baba anasema ni AC ya basi, na kila saa ananichemshia tangawizi. Si AC. Lile goli lilipoingia nililiita jina la Odhiambo kwa nguvu zangu zote, na nikaendelea hadi filimbi. Rehema tu ndiye aliyesikia.

Mwache Baba aendelee kuchemsha.