Mguu wa Shemeji na Pikipiki ya Mikate

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, mkono kwa mkono ingawa ni kwa karatasi. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia mbele, na ninakuomba ulisubiri kwa zamu yake. Wewe hujambo? Wajomba zangu wawili, wanao, hawajambo? Yule mdogo ameacha kutafuna kola za mashati, au bado anavaa na kula kwa wakati mmoja? Na Shangazi, magoti yake yanamruhusu kushuka ngazi? Mwambie bado ninaukumbuka mwiko wake, na mgongo wangu pia unaukumbuka.

Dada, nimesikia umesema kwamba barua yoyote yenye neno pikipiki utaiwashia jiko. Basi neno lenyewe ni hilo hapo, nimelitanguliza makusudi, ili kama ni kuwasha uwashe mapema usipoteze muda. Lakini ukiichoma utabaki na nusu ya habari ya mumeo, na nusu nyingine ninayo mimi. Wewe umeondoka nyumbani kwa sababu ya ile nusu ya kwanza. Sisemi ulikosea. Ningekuwa wewe ningeondoka na sufuria zote.

Mwoka mikate wa mtaa wa nyuma alipopata gari, aliniachia pikipiki yake kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeitaka. Unaikumbuka, ile yenye kigari cha pembeni na sanduku la mikate, silinda zake mbili zimetokeza kushoto na kulia kama mtu aliyeshika kiuno akigombana na jirani. Haina mnyororo, ina ufito wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma. Ni nzito, ni ya ajabu, na ikinguruma vikombe vinatembea mezani. Nilipoiona tu nikasema hii nitaiingiza kwenye mashindano.

Gereji nzima ilicheka. Mashindano yetu unayajua, si ya watu wenye kampuni nyuma yao. Ni sisi wenyewe, mafundi na wauza duka na yule mwalimu wa hesabu anayeendesha kana kwamba anakimbia wanafunzi, tunafungiwa barabara ya kuzunguka kile kiwanda kilichokufa. Wengine huja na pikipiki nyembamba kama nyigu. Cheche, mchomeleaji wangu, aliniuliza kama nakwenda kushindana au kugawa mikate. Nikamwambia mimi nimefungua injini katika miji ambayo yeye ataisikia kwenye redio tu, na kwamba shule niliiacha darasa la saba lakini iliyopata hasara ni shule. Unanijua. Mdomo wangu hauna breki.

Tukaanza kazi. Tulitoa kigari, taa, vioo, honi, stendi, na lile sanduku lililokuwa bado linanukia hamira. Vikanyagio tuliviinua na kuvirudisha nyuma visikwaruze lami kwenye kona. Usukani tukaukata tukaushusha. Boliti ya oili tukaitoboa na kuifunga kwa waya, kwa sababu wakaguzi hawakuruhusu uingie kama oili inaweza kumwagika ukawaangusha wenzako. Injini niliifungua yote mwenyewe. Nilipoiwasha mara ya kwanza, Cheche alivua kofia. Hilo silitii chumvi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, dada, maana kila kitu kimetokea hapa. Pikipiki iliyozoea kigari ni kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja miaka mingi. Ukimpokonya ndoo, bado anatembea upande. Fremu yake inakuwa imewekwa kwa mshazari ili ipambane na uzito wa kigari, kwa hiyo ukikitoa ni lazima uinyooshe upya, gurudumu la mbele na la nyuma vifuate mstari mmoja. Kila fundi ana njia yake. Cheche hupima kwa uzi. Anaufunga nyuma ya gurudumu la nyuma, anauvuta mpaka mbele, kulia na kushoto, halafu anaangalia pengo. Mimi nilimwambia uzi ni wa watu wasiojiamini. Mimi hupiga goti, nafumba jicho la kushoto, natazama kwa la kulia, na chuma kinajua kimeonekana. Ndivyo nilivyofanya. Nikamwonyesha achome wapi na apinde kiasi gani, naye akapinda huku akitikisa kichwa.

Kiti alishona Shemeji. Hilo nadhani ulilijua, maana cherehani yako ilinukia gundi wiki nzima. Alikishona vizuri, ngozi nyeusi na mishono miwili, akaja kukifunga mwenyewe, akaomba aijaribu hapo barabara ya nyuma. Alirudi. Akasema inavuta kulia. Akatoa uzi mfukoni mwake, wa kushonea, akauliza kwa upole kama tunaweza kupima kidogo tu. Wateja walikuwepo, dada. Nikauchukua ule uzi nikautupa kwenye pipa la taka, nikamwambia, wewe shona viti, vyuma tuachie wanaume. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Siku ya mashindano alikuja. Kwako aliaga kwamba anapeleka mapazia, hilo nalo unalijua. Mimi nilikuwa nimeshavaa. Akanivuta pembeni akaniambia moyo unamuuma, kwamba tangu azaliwe yule mkubwa hajakaa juu ya pikipiki ya mashindano, na kwamba hii nimeitengeneza kwa namna ambayo hata aliyekufa angefufuka aipande. Akaomba aiendeshe badala yangu. Nikavimba kichwa. Najua alikuwa ameapa kwako mbele ya kitanda cha uzazi kwamba basi, hatashindana tena. Nilijua, na bado nilifurahi, nikaona kazi yangu imemshinda hata mtu mwenye kiapo. Nilimvalisha kofia yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Aliendesha polepole. Watu walimzomea, wakamwita muuza mikate. Mimi niliona aibu, nikapanda juu ya pipa, nikampungia mkono afungue mafuta. Kwenye kona ya tangi la maji yule mwalimu wa hesabu alipita upande wa ndani, Shemeji akataka kubaki kwenye mstari wake ampishe, lakini pikipiki ilikuwa na mstari wake yenyewe. Ikamtoa nje. Ilipolala chini, silinda moja ilimkalia pajani.

Yaliyofuata ulikuwepo. Ulimuuliza pale wodini kwa nini, na yeye akajibu neno moja tu, kwamba alitamani. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika viatu vyake. Ulitoka, ukakusanya watoto, na moyoni mwangu nilisema dada yangu ana haki. Nitakuambia na baya zaidi. Nilimkasirikia. Niliona amenivunjia pikipiki kwa sababu ya kuendesha kama bibi harusi.

Baada ya hapo Cheche aliinyanyua ile pikipiki peke yake, akaifunga wima, akapitisha uzi. Akaniita. Gurudumu la mbele lilikuwa nje ya mstari, upana wa vidole viwili. Nikamwambia ni ajali imepinda. Akanionyesha rangi pale tulipochomelea, haikuwa na hata ufa, mahali hapo hapakupigwa na kitu. Nikamwambia basi uzi wako umelegea, tazama ulivyojikunja katikati. Akauvuta. Nikamwambia bado. Akauvuta mpaka ukalia kama waya wa gitaa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, unauona umepinda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Cheche akatazama kidole, kisha akanitazama mimi. Sijui nini kilinituma, labda aibu ya kutazamwa, nikafumba jicho la kulia nikautazama kwa la kushoto. Ukanyooka. Nikafungua la kulia, ukapinda. Nilifanya hivyo mara nyingi, dada, nimepiga goti pale juu ya sakafu ya oili, nikifumba na kufumbua kama mtoto anayecheza, na Cheche akatoka nje akaniacha.

Daktari wa macho alinipa karatasi yenye miraba, kama daftari la hesabu. Nikamwambia aliyeichora alikuwa amelewa. Hakucheka. Alisema ni ugonjwa wa katikati ya jicho, unafanya vilivyonyooka vionekane vimepinda. La kulia limeharibika siku nyingi, na la kushoto limeanza. Kuna sindano, zinaweza kuuzuia usikimbie, lakini kilichokwenda hakirudi. Hilo ndilo jambo nililokuambia ulisubiri. Kwa hiyo, dada, nilikuwa na pikipiki ambayo pengine ilibakiza kidogo tu inyooke, nami nikaipinda mpaka ikalingana na jicho langu. Kisha nikampandisha mumeo.

Nilikwenda kwake siku ile ile. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mguu wenye vyuma umenyooshwa juu ya kigoda, anajaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto na mshono unamkimbia. Nilidhani nakwenda kumpa habari. Nilipoanza tu, akaacha kukanyaga, akasema anajua. Anajua tangu nilipomrudishia ile suruali ya kijivu, nikagomba kwamba mshono wa mguuni umekwenda upande, akaufumua akaushona tena, nikarudisha tena. Mshono ulikuwa umenyooka kama maji ya glasi. Akaanza kunitazama. Akaniona namimina oili pembeni ya tundu. Akaona nimetundika kalenda gereji imeinama, nasifu ilivyokaa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuja kwangu mara mbili kwa ajili hiyo tu, akakaa, nami nikaongea peke yangu mpaka chai ikapoa, akaaga. Na pale gereji mbele ya wateja asingeweza. Fundi akiitwa kipofu saa tatu, alisema, saa sita hana mteja. Alipoona nimeutupa uzi, alijua nitaipanda ile pikipiki, na nitaipanda kwa fujo zangu zote, na barabara yenyewe siioni sawasawa.

"Ningekunyang'anya, ungenipa?" akaniuliza.

"Nisingekupa."

"Basi nikakusifia. Ukanipa mwenyewe."

Alikuwa amepanga azunguke mara moja taratibu, aitoe nje aseme injini inagonga, na mimi nirudi nyumbani nikimlaumu kwa miguu miwili mizima. Hakumhesabu yule mwalimu. Nikamuuliza, na dada yangu je, kwa nini hukumwambia ukweli hata pale kitandani? Akasema ungekuja moja kwa moja gereji kunishika sikio, na mtaa mzima ungejua sababu. Alitaka nijue mwenyewe kwanza, kwa wakati wangu.

Dada, mimi nimekaa na watu wa kila aina. Nimeona mabaharia wakilia na matajiri wakiiba sabuni. Sikuwahi kukosa neno. Siku ile nilichukua chupa ya mafuta ya cherehani nikaanza kuifuta, haikuwa hata chafu.

Nilipomwambia nitakuandikia, alikataa. Nilipong'ang'ania, alisema kama ni lazima, basi nisikuandikie kwamba yeye ni mtu mwema. "Mwambie nilivunja ahadi," akasema, "kwa sababu niliivunja. Na nilimdanganya habari ya mapazia." Nimekuandikia, kama alivyotaka. Lakini na langu nimeliandika, kwa sababu halikuwa lake kulificha. Alivunja ahadi yake kwako ili nisivunjike mimi. Yote mawili ni kweli, na sitakuambia uyapange vipi.

Gereji nimewaambia. Nilisimama asubuhi wote wakiwepo, nikasema jicho la fundi wenu limekwenda, kuanzia leo anayepima ni Cheche na anapima kwa uzi. Baadhi ya wateja wamehama. Waliobaki wananiletea injini tu, na injini, namshukuru Mungu, vidole vyangu vinaisoma hata gizani. Kuna mzee mmoja amesema afadhali fundi asiyeona anayekubali kuliko anayeona anayebisha. Nilitaka kumjibu, nikanyamaza. Unaona nilivyobadilika, hata wewe ungeniuliza kama ni homa.

Mumeo anatembea na magongo mpaka kwenye geti na kurudi. Anashona kwa mkono sare za wajomba zangu za muhula ujao, kwa vipimo vya muhula uliopita, na nimemwambia watoto wamekua, akasema ataacha pindo refu. Sikuombi urudi. Ningekuwa na haki ya kuomba ningekuwa nimeshapiga magoti mlangoni kwa Shangazi na magoti yangu yangeungana na yake kulalamika. Nilichotaka ni ukikasirika, umkasirikie kwa alichofanya, na sehemu iliyobaki uniletee mimi, ni yangu.

Nisalimie Shangazi sana. Wabusu wajomba zangu, yule mkubwa mwambie ninamwekea ile honi ya pikipiki ya mikate, aikamue mpaka majirani wahame. Ukipenda kujibu, mjibu mumeo kwanza. Na matusi yangu, ambayo najua yapo, yaandike kwenye karatasi ya peke yake, kwa herufi kubwa na wino mweusi, uache nafasi kati ya mstari na mstari. Nitayasoma yote mwenyewe, sitamwomba mtu anisomee.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,

Fundi