Blandina Alipokuja Kuomba Moto

Nkololo, 9 Julai 1993

Mdogo wangu Nkwabi,

Mwangaluka. Sisi tupo. Pamba tumeshavuna, ng'ombe wa marehemu baba amezaa ndama jike, na madukani siku hizi vitu vimejaa, hata viberiti.

Umeniuliza kwa ukali kwa nini nabatizwa na kuacha matambiko ya nyumbani. Hakuna mhubiri aliyenishawishi.

Mwezi wa tatu, mtoto wa jirani yangu Blandina alifariki. Mganga akasema nimemroga mimi, eti macho yangu ni mekundu. Tangu hapo hakuna aliyeitikia salamu yangu. Nililala nikisubiri mapanga.

Asubuhi moja Blandina alipita mbele ya wanawake wote waliokuwa kisimani, ameshika kigae, akaingia jikoni kwangu.

"Dada, naomba moto."

Unajua kwetu hakuna anayechukua moto kwa mchawi. Nilimwekea makaa kigaeni.

"Huniogopi?"

"Naogopa. Lakini nimesali tangu tumzike mwanangu, na Yesu amenikatalia kukuchukia."

Akatoka na kigae kikifuka moshi, watu wakimtazama. Jioni ile mmoja wao alinisalimia. Hadi leo naishi.

Siku ya ubatizo Blandina ndiye atakayenisimamia.

Jambo moja sijamwambia mtu. Alipoinama kupuliza makaa, pindo la kanga yake lilifunguka, kikadondoka kiberiti kipya, kimejaa njiti. Alikiokota, akakifunga tena, akaendelea kupuliza.

Ni mimi dada yako,
Milembe