Tochi ya Kichwani ya Baba Neema

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Gaju amepiga ndoo teke tena. Nusu ya maziwa imemwagika zizini. Wateja wawili wamerudi na chupa tupu, mmoja wao mke wa mchungaji, mwanamke asiyesahau kitu.

Simlaumu ng'ombe. Namlaumu Baba Neema, mume wangu, anayekamua kabla ya jua huku ameibana simu kwa meno ili imulike. Leo simu imemponyoka ikatumbukia ndani ya ndoo, Gaju akashtuka. Nimeianika juani. Bado inanuka mtindi. Nimemwambia akamue kwa kupapasa, kama marehemu baba yake. Kanuna mpaka mchana.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Neema yuko hapa tangu jana jioni. Mtoto wetu wa kwanza. Anauza vitenge Ariwara, haji mara nyingi. Kamletea baba yake tochi ya kichwani. Ya bei ya chini kabisa sokoni, amekiri mwenyewe. Plastiki nyepesi, mkanda wa lastiki, betri ndogo tatu. Kitufe kimoja tu. Bonyeza mara moja, mwanga mkali. Mara ya pili, hafifu. Mara ya tatu inawaka na kuzimika haraka haraka, sijui kwa faida ya nani. Mara ya nne ndipo inazima. Hakuna namna ya kuizima bila kupitia ule wazimu.

Jana Baba Neema alikula nayo. Alichambua samaki mwiba kwa mwiba. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nampenda huyu mzee, hata kama hakuna siku inayopita bila kunikasirisha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ukweli usemwe. Kitu kinafaa. Mikono yake yote miwili iko huru, ndoo imejaa siku mbili mfululizo, mke wa mchungaji amepata chupa yake. Ni nyepesi, anasahau kama ameivaa. Neema alirudi Ariwara leo asubuhi akijisifu kama aliyenunua trekta.

Lakini inamulika kila anakotazama. Akinisemesha, ananipofusha. Nimepiga kelele mara nyingi hivi kwamba sasa akizungumza nami anatazama chini. Leo jirani yetu Kahindo kamwona hivyo, akaniuliza pembeni kama nimemfumania na mwanamke. Nilimjibu kwamba bado nachunguza. Kahindo ni mjane kutoka Butembo, anauza sabuni, na habari husafiri naye kuliko sabuni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kaenda nayo kanisani. Kwenye paji la uso. Inawaka.

Sikuiona, nilikuwa mbele na wanakwaya. Niliona tu watu wakiziba midomo kwa vitabu. Nje vijana wakamuuliza kama amehamia Nizi kuchimba dhahabu. Aliwajibu kwamba ndiyo, na wa kwanza kupata kipande ni mimi. Niliona aibu mpaka kwenye kona ya barabara, kisha nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili hadi nyumbani.

Mvua imetupiga njiani. Maji yameingia kwenye kioo cha tochi. Nimeikausha kando ya mbabula, jiko letu, mbali na makaa. Lastiki nayo imeanza kulegea, inamshukia puani. Nimeikunja na kuishona. Kitu cha wiki moja tayari nakifanyia ufundi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa sita mchana. Jua kali. Baba Neema amekaa mlangoni, Biblia magotini, tochi inawaka kichwani.

Sikucheka.

Baadaye kamwaga chai nje ya kikombe. Kisha Kahindo kapita na kitenge cha buluu kama changu, Baba Neema akamwita kwa jina langu la nyumbani, lile ambalo watu hawalijui. Kahindo kaja jikoni machozi yanamtoka kwa kicheko. "Mama Neema, bwana yako ananiita mupenzi, niitike?" Nilicheka naye. Alipoondoka nilikaa chini.

Si tochi aliyokuwa anahitaji. Macho yanakwenda. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimemuuliza bila kuzunguka. Kakataa bila kuzunguka. "Macho yangu iko muzima. Ni giza ndiyo imezidi siku hizi." Giza la saa sita mchana!

Kahindo anasema mama yake alikuwa hivyohivyo, mtoto wa jicho. Alipasuliwa hapa hapa Bunia, sasa anashona tena. Anasema ukichelewa, jicho linaweza kugoma kabisa. Nimemweleza Baba Neema yote. Kanyanyuka akaenda kwa ng'ombe. Najua sababu. Kaka yake mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake kupasuliwa tumbo, akatoka amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Baba Neema hapiti hata mbele ya lango.

Naichukia tochi sasa. Inamsaidia kujidanganya. Kila nikisema haoni, anaibonyeza, anachomoa sindano ndani ya mkebe, ananionyesha.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Habari si nzuri. Watu wameingia mjini na magodoro vichwani. Hakuna anayejua kilichotokea huko walikotoka, au wanajua na hawasemi. Hapa mtaani kwetu Lumumba tunalala na nguo. Bahasha ya vyeti vyetu iko chini ya mto. Tumekubaliana kama siku zote: atakayeona mtu asiyemfahamu anapiga sufuria, wengine wanaitikia.

Na mtamba wetu mweusi, bintiye Gaju, atazaa siku yoyote. Mimba ya kwanza. Baba Neema anamzunguka kama mkunga. Kununua betri mpya nimekataa. Kanunua mwenyewe.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Naandika mchana.

Jana jioni mtamba hakurudi na wenzake. Kulikuwa kumeingia giza, nilikuwa nasonga ugali. Baba Neema hakuniaga. Nilidhani yuko zizini.

Kahindo ndiye aliyeona. Mwanga bondeni, kimo cha mtu, unageuka kushoto, unageuka kulia, bila mkono wa kuushika. Unatafuta. Alipiga sufuria. Nyumba ya pili ikaitikia, ya tatu, kisha mtaa mzima. Mimi pia. Nilimwaga ugali nikapiga ile sufuria kwa mwiko kwa nguvu zangu zote. Wanawake walikuwa wameshafunga watoto migongoni. Vijana wakateremka na mapanga na fimbo. Mimi napiga tu.

Mwanga ukasimama. Ukapungua. Halafu ukaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Mtu akapiga kelele kwamba mwenye mwanga anawaita wenzake, na vijana wakaanza kukimbia.

Hapo ndipo nilipojua. Mume wangu alikuwa anajaribu kuzima tochi.

Sijakimbia hivyo tangu usichana wangu. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Nilikuwa napiga kelele kwa sauti nisiyoijua, "Ni bwana yangu! Musimuguse! Ile tochi inazimikaka vile!" Aliyekuwa mbele ya wote ni kijana wa seremala, panga juu. Nilimpita. Sijui nilimpitaje. Nilisimama katikati yao na mume wangu, sufuria mkononi.

Tochi ilikuwa imezima. Baba Neema alikuwa amesimama, mikono mbele, anapapasa hewa. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Ni nani ule?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Sauti ilikuwa imenikauka kwa kelele, hakuitambua. Na mwezi ulikuwepo. Vijana wote walikuwa wananiona vizuri. Yeye peke yake hakuniona.

Nilimpiga. Ndiyo. Kofi moja begani, kisha nikamkumbatia mbele ya vijana wote. Akaniambia sikioni, taratibu, kama mtu anayetaja dhambi: "Mama Neema, sioni. Tangu mwaka jana. Kama mwanga haiko, sijui kama ni mutu ao ni mugomba."

Vijana walitusindikiza. Kijana wa seremala alimshika mkono mpaka mlangoni na alikuwa analia kuliko sisi.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, kaja. Hajafoka. Kasema mtu asishuke bondeni na mwanga baada ya giza kuingia, hata kama ni kutafuta mtoto wake, amwite yeye kwanza. Baba Neema akavua tochi akampa. Shefu akaigeuza geuza, akaibonyeza, ikampofusha, akairudisha.

Mtamba tulimkuta jana kwenye migomba ya seremala, amezaa peke yake bila tochi ya mtu. Ndama jike, mweusi, amesimama. Baba Neema alimpapasa kuanzia puani hadi mkiani. Muda mrefu. Alipomaliza alisema, bila kuniangalia, kwamba angependa kujua ana baka gani kwenye paji la uso.

Nilimwambia ni jeupe. Nilitaka kusema mengi na nikajikaza.

Usiku kasema, "Twende kwa ule daktari."

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kapita lango. Alibana vidole vyangu hata sasa vinauma. Mtoto wa jicho, yote mawili. Wataanza na la kulia, kesho. Daktari ni msichana mdogo, ana sauti nzuri. Baba Neema kamuuliza kama mtu hufa. Kamjibu kwamba atasikia vyuma vikigongana na atachoka kulala chali, basi. Akamuuliza tena. Kamjibu tena, bila hasira. Mungu ambariki.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Wamemchukua. Nimekaa kwenye benchi. Nimesali vibaya, maneno yanakimbia. Sitaki kuzeeka peke yangu. Sitaki kukamua Gaju peke yangu. Katoka kwa miguu yake, bandeji jichoni, anaulizia chakula.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Bandeji ilitolewa jana. Anasema kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna rangi. Daktari anasema tusubiri. Kamkataza kuinama, kubeba vitu, moshi na vumbi. Kwa hiyo nakamua mimi, na tochi naivaa mimi. Inabana masikio na ina harufu ya jasho lake. Maziwa nimeyapata kidogo. Kusubiri kunanimaliza.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Mvua asubuhi, kisha jua. Nilikaa barazani nachagua maharagi. Baba Neema akaleta kiti chake kidogo akakaa kando yangu. Alitazama uani muda mrefu, nguo kwenye kamba, bata wa Kahindo. Alinitazama mimi pia. Nikaendelea na maharagi.

Nilipomaliza ungo wa kwanza nikauweka pembeni, kwa ajili ya sufuria. Akauvuta akauweka kwenye magoti yake. Akaokota jiwe. Halafu lingine. Madogo, ya rangi ileile ya maharagi. Akayapanga kwenye kiganja changu moja moja.

"Na weye nawe, mupenzi," alisema, "siku ya kwanza ya kazi tutaenda kumuona ule daktari."

Sikubishana. Nilimpa na ungo wa pili. Tumekula saa nane, na hakuna aliyeuma jiwe.