Mchezo wa Vita Katika Mikarafuu ya Babu

Bi Mwanamize, mshauri wetu mpendwa, asalaam aleikum. Naomba msaada wako, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana nyumbani kwetu hakuna tena wa kunigombeza, mama amehama, yuko Msuka kwa mama mkubwa, na aliyemhamisha ni mimi.

Naitwa Arwa, nauza madira na mitandio hapa Konde. Baada ya Idi Ndogo binamu yangu Qais alikuja kutoka Maskati alikokulia, na wenzake na masanduku ya bunduki za kuchezea, zile zinazofanana kabisa na za kweli lakini zinarusha vidonge vya plastiki, akaalika vijana wa Wete, wa Chake na hata wa Unguja, wanaume kwa wanawake, tukajaa shamba la mikarafuu la marehemu babu, tukagawanywa pande mbili, kila upande na bendera yake ya kulinda, na bendera zenyewe zilikuwa foronya, moja nyeupe na moja ya waridi, kwa sababu rangi nyingine hapa kwetu zina wenyewe, watu wa vyama. Mama nilimwambia nakwenda mandari, kutembea shamba la babu na wenzangu. Sikumwambia mandari ya nini.

Bi Mwanamize, sijapata kufurahi vile. Nilipewa shati la mabaka kama la askari na miwani ya kukinga macho, nikakimbia, nikatambaa kwenye majani makavu mpaka nguo zikanuka karafuu, nikamsikia Nassor, jirani yangu wa dukani, ananinong'oneza, "Arwa, pita kushoto, mie nitawashughulisha," nikapita, nikaichomoa foronya yao nikateremka nayo bondeni wote wananifukuza. Na ukipigwa hakuna neno, unanyanyua mkono unasema "nimekufa", unakwenda kivulini unakunywa maji, kisha unarudi mchezoni. Mie nilikuwa mtoto mwaka ule wa vurugu za baada ya uchaguzi. Milio iliposikika mama alinisukuma chini ya kitanda akaniziba mdomo kwa kiganja, na kaka yangu Thuwein akatoka kwa mlango wa uani, baadaye tukaambiwa amevuka bahari kwenda Shimoni na wenzake, wenzake wakarudi, yeye hakurudi wala hakuleta salamu. Tangu hapo hata tairi likipasuka barabarani miguu yangu hufa ganzi, lakini siku ile shambani haikufa ganzi, ilikimbia.

Basi mama, kwa mapenzi yake, akaona mandari haifai bila chakula, akatuletea sufuria ya pilau. Alifika wakati nimepigwa, nimejitupa chini kwa vicheko, na Nassor amesimama kichwani pangu na bunduki yake na mabaka yake. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha sauti ya mama, na haikuwa inaniita mimi.

"Thuwein, usinyanyuke, baba. Usinyanyuke."

Nikanyanyuka mbio. Alinitazama kama hanijui. Nikamwambia, "Mama, ni mie, ni mchezo tu." Akanipapasa kifua na mgongo akitafuta damu, na alipoikosa akasema taratibu, "Kumbe ulikuwa wacheka."

Kesho yake alifunga nguo zake akapanda gari ya Msuka. Nikipiga simu anapokea mama mkubwa, ananiambia mama yuko kwenye sala, na kila nikipiga yuko kwenye sala.

Sasa Qais anarudi Idi Kubwa, anataka niwe kapteni wa upande wetu, na mimi, Mungu anisamehe, nataka. Mteja ananiuliza bei ya mtandio, mie mawazo yako shambani. Namtaka mama nyumbani, na ile siku naitaka tena, na nikiinua mikono kuomba dua yote mawili yanatoka pamoja. Nifanye nini?

Arwa, Konde

JIBU

Wa aleikum salaam, Arwa mwanangu. Mwisho wa barua nimeufikia, kwa hiyo kaa vizuri nikugombeze.

Kucheza si kosa. Kosa lako ni kumdanganya mama. Ungemwambia ukweli labda angekukataza, lakini angekukataza akiwa amekaa kitako kwake, si mbele ya mwanawe aliyelala chini. Na kosa jingine ni lenu nyote. Nani kati yenu alikwenda kwa sheha kuomba ruhusa? Nani aliuliza polisi kama raia anaruhusiwa kuvaa mabaka na kubeba kitu mfano wa silaha? Nani aliwagongea majirani hodi akawaambia leo mtasikia milio, msishtuke? Qais amekulia Maskati, ana udhuru. Wewe huna. Wewe ulikuwa chini ya kitanda.

Hamu yako siidharau. Umekaa na hofu tangu utotoni, ikakuachia mchana mmoja, nani asingeutaka tena? Lakini fikiri kidogo: mama yako hofu haijamwachia hata saa. Hajazika mtoto, hajapokea mtoto. Hakukuhama kwa sababu ya vidonge vya plastiki. Aliyemdhania maiti alikuwa anacheka, na yeye hakuwa na mtu wa kucheka naye.

Sasa nisikilize. Simu iache. Funga duka, panda gari ya Msuka wewe mwenyewe, wala usimtume Qais wala mama mkubwa. Omba radhi kwa uongo wa mandari, kwa maneno machache, bila ya "lakini". Kisha muulize habari za Thuwein, alikuwa akipenda nini, siku ile alitoka kavaa nini. Nadhani ndani ya nyumba yenu hajaulizwa na mtu, kila mmoja akimwogopea mwenzake. Akilia, mwache alie. Akikubali, nendeni pamoja kwa wale waliorudi kutoka Shimoni, maadamu wangali hai, muwasikilize wanachokijua. Mnaweza kupata habari, mnaweza msipate, lakini mtakuwa mmetafuta.

Qais mwambie Idi hii kapteni hapatikani. Akitaka mchezo wake, aanze kwa sheha na polisi, mabaka ayaache, na aende mbali na nyumba za watu. Ruhusa ya mama usiiombe safari hii, wala usiidokeze. Ikija siku akakupa mwenyewe, nenda ukacheze kwa moyo mweupe. Asipokupa, tafuta pengine pa kukimbilia.

Na akikuuliza umefuata nini Msuka, usiseme umekuja kumchukua. Mwambie umekuja kukaa naye, na ukae.

Bi Mwanamize