Bangili Iliyokuwa Kimya

Jemedari wangu, shikamoo!

Hujambo dada? Mgongo wako umepoa, au bado unabeba magunia ya unga kama vile hapo kiwandani hakuna wanaume? Mimi mzima. Mzima kweli, siyo ule uzima wa kwenye simu wa kukutoa wasiwasi. Kile kidonda cha makalio kilichonileta huku kituoni kimefunga kabisa, ngozi imerudi, nesi siku hizi anakiita marehemu. Nakula, nalala, nabishana na watu. Yaani ni mimi yuleyule.

Uliniandikia kwamba mlango wa chumba changu umeshapanuliwa, kiti kinapita bila kukwaruza, na ukataka nikuambie narudi lini. Nikanyamaza, na najua umeshaanza kununa. Jibu ninalo, ila haliingii kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nimechukua karatasi. Nivumilie nisimulie kwanza, maana nikianza na jibu utanirushia sufuria kutoka hukohuko.

Nilikudokeza kwamba wameniingiza kwenye utafiti. Anayeufanya ni dada mmoja kijana, mwembamba, anatembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Tunamwita Madam Grafu, kwa sababu ukimsalimia anakuonyesha mstari unaopanda. Anachohangaikia ni hiki. Wewe ukikaa sana makalio yanachoka, unajisogeza bila hata kujua. Sisi tulioumia uti wa mgongo huko chini hatusikii kitu. Tunakaa tu, damu haipiti, nyama inakufa kimyakimya, ukija kushtuka una kidonda cha ukubwa wa kiganja. Kinga yake ni kujinyanyua kila baada ya muda: unashika matairi, unasukuma, makalio yanaachana na kiti, unapumua kidogo, unashuka. Basi. Shida ni kukumbuka, kutwa nzima, kila siku ya Mungu.

Madam Grafu akatugawia mito ya kukalia inayojua mtu amekaa muda gani na amejinyanyua lini, pamoja na bangili za mkononi. Muda ukifika bangili inatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Lakini siyo ya kila mtu! Kompyuta ilipiga kura, nusu yetu tukapewa bangili zisizotetemeka, ili baadaye watulinganishe na wenzetu. Ndivyo tafiti zinavyofanywa, dada, nimesoma habari zake kwenye simu mpaka macho yakauma. Na mimi, kwa bahati yangu unayoijua, nikapata ya kimya.

Niliudhika hujapata kuona! Kwenye karakana ya hapa kituoni, tunakofanya kazi za mikono, nakaa meza moja na mshonaji mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Cherehani, na yake inatetemeka. Mimi niko pale nimevaa pambo. Nikamwambia mama, ikikutikisa usiwe mchoyo, sema na sisi tusikie. Akanijibu kwamba yeye siyo kengele ya shule. Kesho yake bangili ilipomtikisa, akapaza sauti: juu! Nikajinyanyua naye. Aliposhuka akacheka, akasema kumbe ukiwa na mwenzio haichoshi.

Hapo ndipo Refa akaingia. Refa alikuwa mwamuzi wa mpira kabla ya kuanguka kutoka darini kwake, na uamuzi haujamtoka. Bangili yake ya kimya kama yangu, lakini alijipa cheo bila kuulizwa. Ukichelewa kunyanyuka, kadi ya njano. Ukichelewa tena, nyekundu, utaosha vikombe vya chai vya meza nzima. Mwenyewe mikono haina nguvu ya kujisukuma, kwa hiyo anainama mbele mpaka uso unakaribia magoti, kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka, na hukohuko chini anapiga mluzi. Mchezo ukatoka mezani kwetu ukaenea karakana yote, halafu chumba cha chakula, halafu baraza. Siku moja mume wa Mama Cherehani alikuja kumtazama, akasikia juu, akaona watu wote wameinuka, naye akasimama akavua kofia. Alidhani tunaomba.

Hakuna aliyemwambia Madam Grafu. Siyo kwamba tulimficha, nakuapia. Hakuna aliyeona kama kuna jambo la kusema. Yeye huja asubuhi, anachukua habari za mito, anakagua ngozi zetu, anakimbilia ofisini kwake.

Basi wiki iliyopita akatuita wote ukumbini kutupa majibu. Nilijipanga mbele kabisa, unanijua. Akachora mistari yake ubaoni, wa wenye mtetemo na wa sisi wa kimya, na mistari yenyewe imelaliana, huwezi kuitofautisha. Akasema ngozi za wote ni nzuri, wote tunajinyanyua vizuri, kwa hilo anafurahi. Ila maana yake ni kwamba bangili haisaidii kitu. Itarudishwa kwa waliomtengenezea na kazi itafungwa. Alipofika hapo sauti ikamshuka, akageukia ubao akajifanya anafuta.

Na mimi ndiyo kwanza nikaelewa. Ule mchezo wetu ndio uliomharibia mistari. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, mara bangili ya Mama Cherehani ikatetemeka, naye kwa mazoea, bila kuangalia yuko wapi, akapaza sauti: juu!

Dada, ukumbi mzima ukapaa. Wa mtetemo, wa kimya, mpaka yule mgonjwa mpya aliyekuja majuzi ambaye hata bangili hana. Refa akainama, akapiga mluzi, akanipa kadi ya njano kwa sababu mimi peke yangu nilibaki nimekaa na mdomo wazi.

Madam Grafu aligeuka na kifutio mkononi. Akatutazama. Akauliza polepole kama walioinuka ni wenye mtetemo peke yao. Watu wazima na akili zao wote wakaangalia sakafu, na Refa, mnafiki mkubwa, akanyoosha kidevu kuelekea kwangu.

Nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Akakaa juu ya meza, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, akasema tumemlia utafiti wake mzimamzima na bado tunaomba tuongezewe. Kisha akaacha kucheka, akawaza kwa sauti palepale. Bangili inabidi ikajaribiwe upya kwa watu wanaoshinda peke yao, wasio na wa kuwaambia juu. Na sisi tuna utafiti wetu mwingine: bangili moja kwa meza nzima, tuone kama inatosha watu wote. Tukauliza kama sasa tuache kuitana. Akasema thubutu! Hakuna mtu atakayekaa na kuoza kwa ajili ya mistari yake.

Jioni akaniita ofisini. Anataka mimi niende wodini kwa waliolazwa karibuni, niwafundishe kujinyanyua, niwapange kwenye meza zao. Kazi, dada, ya mshahara, na chumba hapahapa kituoni! Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya akili yangu. Akasema hapana, ni kwa sababu ya mdomo.

Sasa jibu lako. Sitaki kurudi nyumbani. Nimeliandika, na silifuti.

Tafadhali usidhani ni kwa sababu yako. Wewe ulikuwa unatoka kiwandani mbio saa ya chakula, aproni imejaa unga, unaninyanyua, unarudi mbio bila kutia kitu mdomoni. Na kidonda kikaja vilevile. Ile siku uliyonileta ulisimama na nesi mlangoni, ukamwambia umemwacha mdogo wako akaoza. Ulidhani nimelala. Nilikuwa macho. Sasa nakujibu. Hukuniacha nikaoza, dada. Ile kazi ni ya meza nzima ya watu, na wewe uliibeba peke yako, tena umesimama.

Madam Grafu nimemwambia asubiri nisikie kutoka kwako. Anasubiri, ila anapita mezani kwetu mara nyingi mno.

Wasalimie wenzako wa kiwandani, na yule jirani mwambie redio yake ninaikumbuka, nikija likizo nitaifungua niitengeneze. Mama Cherehani anakusalimu, anasema ulete vipimo vyako, anakushonea gauni. Refa naye anakusalimu, lakini wewe usimjibu, atazoea.

Halafu kabla hujaninunia, nifanyie jambo moja. Kaa hapo ulipo, ujifanye wewe ndiye usiyesikia miguu, na mimi ndiye ninayefunga mlango asubuhi kwenda kazini. Unanipenda, mimi nakupenda, na nitakuja mbio saa ya chakula. Lakini huku kuna meza yenye makelele, na watu wapya wanasubiri kufundishwa. Niambie kweli, Jemedari, wewe ungefanyaje?

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere